Kupiga Picha Umati Unaopiga Picha Chini ya Micheri: Mwongozo Kamili

Micheri, yaani miti ya cheri, ikichanua, watu husafiri saa nyingi kwenda kuiona, na wakishafika chini yake huyapa maua mgongo. Wanageuka ili waonekane pamoja nayo: simu inainuliwa, kidevu kinashushwa kidogo, nywele zinawekwa sawa, mtu anavuta pumzi na kutulia. Nenda kwenye bwawa la Tidal Basin mjini Washington, bustani ya Ueno jijini Tokyo, mji wa Jinhae kule Korea Kusini au bustani ya Kungsträdgården katikati ya Stockholm, utayakuta yale yale. Wapigapicha wengi huwaona watu hawa kama kero. Huamka alfajiri ili wawakwepe, au husubiri mpaka fremu iwe tupu. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuyaacha maua yakae nyuma, na kuwapiga watu waliokuja kwa ajili yake.

Niseme mapema ninachokiamini, maana hatua zote zinazofuata zimesimama juu yake: picha yako huanza pale picha yao inapoisha. Mtu anayepigwa picha na mwenzake huwa amefunga mlango. Uso ule anautoa kwa simu, na simu tayari imeuchukua. Ukiupiga na wewe, umepata nakala ya pembeni ya picha ya mtu mwingine. Lakini sekunde chache baadaye tabasamu linashuka, mabega yanalegea, na wawili wale wanasogeleana kutazama kioo. Hapo ndipo pa kubonyeza.

Jua siku yako

Micheri mingi inayovuta umati ni ya aina iitwayo Somei-yoshino. Huzalishwa kwa kupandikiza vikonyo, kwa hiyo kiurithi yote ni nakala za mti mmoja. Ndiyo maana barabara nzima huchanua kwa mpigo, na ndiyo maana watu nao huja kwa mpigo. Tena huchanua kabla ya majani kutoka. Juu ya vichwa hutakuta kijani. Utakuta dari jeupe lenye wekundu wa mbali, linalopitisha mwanga. Dari hilo litakusaidia na litakusumbua, nitalirudia baadaye.

Idara ya hali ya hewa ya Japani hutangaza kuanza kwa maua jijini Tokyo pale maua matano au sita yanapofunguka kwenye mti maalumu ulioko katika hekalu la Yasukuni, na huhesabu kuwa mti umechanua kikamilifu ukifika takriban asilimia 80. Washington, wasimamizi wa hifadhi za taifa huita kilele ile siku ambayo asilimia 70 ya maua ya miti ya Yoshino (ndiyo hiyo Somei-yoshino) yamefunguka. Kwa kawaida kati ya maua ya kwanza na kilele hupita kama wiki moja, baridi ikizidi huwa zaidi. Kilele chenyewe ni siku chache tu. Upepo ukija pamoja na mvua, unaweza kulala umeacha miti imejaa ukaamka ukakuta mawe yamefunikwa petali.

Ukiweza, nenda mara tatu. Mara ya kwanza maua yakiwa machache, ukajifunze eneo: jua linatokea wapi, njia zinabana wapi, tawi lipi liko chini. Mara ya pili iwe Jumamosi au Jumapili ya kilele, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, wakati ambapo wapenzi wa mandhari tupu wameshakunja vifaa vyao na familia zimefika. Mara ya tatu, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, iwe siku petali zinapoanguka. Siku hiyo watu husahau pozi. Wanainua mikono kudaka, wanacheka, wanageuka ghafla, watoto wanakusanya petali viganjani na kuzirusha juu. Kalenda za watalii huwa zimeshahamia kwingine, lakini kwa kazi hii ndiyo siku ya mavuno.

Vifaa

Kamera moja na lenzi mbili zinatosha. Ya kwanza iwe milimita 28 au 35, ya pili iwe kati ya 85 na 135. Vipimo vyote humu ni vya kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi kikubwa, kile kipande kinachopokea mwanga. Kama kihisi chako ni kidogo, cha APS-C, gawanya kwa 1.5, hivyo 35 yangu ni 23 yako. Chukua betri ya akiba na uiweke mfuko wa ndani ulio karibu na mwili, kwa sababu asubuhi za majira ya machipuko bado ni za baridi na baridi hupunguza nguvu ya betri. Begi liwe dogo. Kwenye njia ya upana wa mita mbili, mtu mwenye begi kubwa mgongoni huwapiga wenzake vikumbo kila akigeuka.

Simu je? Inafaa sana, na ina faida ambayo kamera kubwa haina: ukiinua simu mahali ambapo kila mtu ameinua simu, hakuna anayekuangalia mara mbili. Udhaifu wake ni kuchelewa kidogo kati ya kidole na picha, na kupungua ubora ukivuta mbali. Basi itumie kwa karibu, na bonyeza kitufe cha sauti cha pembeni badala ya kugusa kioo, mkono hutulia zaidi. Simu zinazouzwa Japani na Korea Kusini hutoa mlio kila zinapopiga picha, na mlio huo kwa kawaida hauzimiki. Ukiwa nchi hizo usishangae wenyeji wakitarajia kuusikia.

Stendi ya miguu mitatu iache, isipokuwa kwa ile mbinu moja nitakayoieleza mbele, na hata hapo ukingo wa daraja unaweza kuchukua nafasi yake. Bustani nyingi huikataza msongamano unapokuwa mkubwa. Droni usiifikirie kabisa: hifadhi za taifa za Marekani zimezipiga marufuku tangu 2014, na kwingineko kuirusha juu ya vichwa vya umati ni hatari tupu.

Panga kamera kabla hujafika

Ukifika ndipo uanze kuzungusha vitufe, umechelewa. Weka tundu la lenzi f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu huwa dogo), kasi ya shata 1/500 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, ijiendeshe yenyewe hadi 6400. Kasi ya 1/500 inasimamisha mkono unaopunga na petali inayoanguka taratibu. Tundu la f/8 linakupa kina cha kutosha kumwonyesha mpigaji na mpigwaji wote wawili wakionekana wazi, bila ukungu. Wale waliozoea kufungua tundu hadi f/1.8 ili nyuma pawe ukungu, nawaomba wajizuie. Hadithi yetu iko kati ya watu wawili waliosimama umbali tofauti, na ukimfuta mmoja wao umeifuta hadithi.

Sasa lile dari. Kipimamwanga cha kamera hutaka kila kitu kiwe na mng'ao wa kijivu cha wastani. Kikikuta fremu iliyojaa petali nyeupe na anga, hukata mwanga, na matokeo yake ni maua yaliyofifia kama majivu na nyuso zilizozama gizani. Ongeza mwanga kwa kitufe cha kujumlisha na kutoa: anzia +0.7, na watu wakiwa na jua mgongoni fika +1 au +1.3. Petali za juu kabisa zikizidiwa kidogo na mwanga hakuna msiba. Uso usioonekana hauna dawa. Hili lina uzito zaidi kwa nyuso za watu weusi chini ya maua meupe, kwani pengo la mwanga kati ya ngozi na petali ni kubwa. Pima mwanga kwenye uso, usiupime kwenye mti. Kwenye simu, gusa uso kisha buruta alama ya jua kuelekea juu.

Uwiano wa rangi uweke kwenye mwanga wa mchana uuache hapo. Ukiuachia ujirekebishe, kila fremu itatoka na waridi wake, na ukizipanga picha pamoja zitaonekana kama zimepigwa na watu kumi. Hifadhi faili ghafi la RAW kama kamera yako inaweza.

Fokasi ni suala la mazoea. Kamera za kisasa hutafuta jicho zenyewe na hufanya vizuri, lakini kwenye umati wenye nyuso arobaini huchagua zisizohusika, na aghalabu hunasa tawi lililo mbele. Njia ya zamani bado inafanya kazi: zima fokasi ya otomatiki, weka mita tatu, usiiguse tena. Kwa lenzi ya milimita 35 kwenye f/8, kila kitu kuanzia takriban mita 1.9 hadi mita 7 kitaonekana wazi kiasi cha kuridhisha. Kwa milimita 28 unapata kuanzia mita moja na nusu hadi mbali sana. Kazi yako iliyobaki ni kuijua mita tatu kwa miguu. Ipime nyumbani: kwa wengi ni hatua nne za kawaida.

Ukifika, tembea kwanza

Zunguka eneo lote mara moja bila kupiga picha. Sisemi ili kukupotezea muda. Kila mahali penye micheri pana jukwaa lake, na jukwaa hilo hujulikana kwa foleni isiyopangwa na mtu. Kuna tawi limeinama hadi usawa wa uso, au kuna daraja dogo, au kuna pengo ambapo mnara unaonekana nyuma ya maua. Watu hujipanga wenyewe, mmoja akitoka mwingine anaingia, na karibu wote hufanya mambo yale yale matatu: hushika tawi, hulinusa, hugeuka. Ukishalipata jukwaa, huna haja ya kuwafukuzia watu bustani nzima. Watakuja kwako, na kila mmoja ataleta namna yake.

Katika kuzunguka huko angalia usuli: pipa la taka, uzio wa plastiki, gari la polisi. Chagua upande ambao vitu hivyo havipo, au ambao vinasema jambo la kweli kuhusu siku hiyo. Alama ya mshale inayoelekeza umati, kwa mfano, mimi huiacha iingie.

Mahali pa kusimama

Kuna nafasi nne zinazofaa, na moja yao ndiyo mama.

Ya kwanza ndiyo hiyo mama: simama ubavuni, ili mstari kati ya simu na uso upite mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia. Hapo unawapata wote wawili: anayepiga, aliyepinda magoti huku mdomo ukiwa wazi kidogo kwa umakini, na anayepigwa, aliyejikaza. Kati yao kuna nafasi ya mita mbili hadi nne ambayo wapita njia wanaogopa kuivuka. Wengine huinama wakipita, wengine husimama na kusubiri kwa adabu, mtoto hukimbia katikati bila habari. Nafasi hiyo tupu ina uzito sawa na watu wenyewe, kwa hiyo ipe sehemu yake kwenye fremu. Hesabu ya kukumbuka ni nyepesi: kwa lenzi ya milimita 35, kamera ikiwa imelazwa, upana unaoonekana unakaribia kuwa sawa na umbali wako. Wao wameachana mita tatu? Simama mita nne kutoka kwenye mstari wao, wataingia na pumzi itabaki pande zote.

Nafasi ya pili ni nyuma ya bega la mpigaji. Kioo cha simu kinakuwa picha ndani ya picha, na nyuma yake yule mtu halisi. Fokasi iweke kwenye kioo, mtu awe na ukungu kidogo. Hapa f/4 inafaa. Usikae sana mahali hapa, kwani mtu akihisi pumzi mgongoni mwake hugeuka, na ana haki. Piga mbili, sogea.

Ya tatu ni nyuma ya anayepigwa, kando kidogo, ukiwatazama wapigaji. Ni nafasi ya ajabu: unaona kundi la watu wameficha nyuso nyuma ya simu, mikono imeinuliwa kama wanaoapa. Mtu akiiteremsha simu katikati ya wengine walioinua, fremu hupata uso mmoja tu, na jicho la mtazamaji huenda hapo moja kwa moja. Angalia usijikute ndani ya picha zao. Simama nyuma ya shina lililo kando ya njia.

Ya nne ni juu: daraja, ngazi, kilima. Kutoka juu umati hugeuka kuwa ramani ya mikoba, kofia, mabranketi yaliyotandikwa na petali zilizojaa kwenye mianya. Ukienda na lenzi ya milimita 135 na kusimama mbali, safu za watu zitaonekana zimebanana na maua yataonekana yameegemea vichwa vyao. Anayebananisha ni umbali wako. Lenzi inakusaidia tu kukata kipande hicho.

Wakati wa kubonyeza

Hapa nitakaa, kwa sababu vifaa na nafasi vinajifunzika kwa mchana mmoja, lakini hili huchukua misimu.

Kila picha inayopigwa chini ya mti ina vipindi vitatu: maandalizi, utulivu na ukaguzi. Maandalizi ni marefu kuliko watu wanavyofikiri. Mke anamkunjulia mume kola. Dada anamwonyesha bibi mahali pa kutazama, bibi anatazama kidole chake badala ya kamera. Rafiki anaegemeza simu kwenye begi, anaweka saa ya sekunde kumi, anakimbia kujiunga na wenzake na hafiki. Baba anashikishwa mikoba yote ya familia na kusimama pembeni kama msumari wa kutundikia nguo, halafu mtu anamkumbuka, wanamwita, na uso wake unabadilika. Mimi humsubiri huyo baba.

Utulivu ni sekunde mbili tatu. Pumzisha kidole. Tumia muda huo kunyoosha fremu: angalia pembe zote nne, hakikisha hakuna kichwa cha mgeni kilichoota juu ya bega la mtu, sogea nusu hatua ili watu wawili wasigusane kwa bahati mbaya ndani ya fremu.

Kisha unakuja ukaguzi, na wapigapicha wengi hupitwa nao kwa sababu wameshusha kamera pamoja na mpigaji. Usiishushe. Wakimaliza, hesabu kimoyomoyo moja hadi tano huku jicho likiwa bado kwenye kamera. Utaona vichwa viwili vikiinamia kioo kimoja, mkono ukikinga jua ili waone vizuri, kidole kikipanua uso. Utaona kicheko ambacho hakikuwepo wakati wa pozi, au kukunja uso kidogo, au lile neno linaloeleweka kwa ishara katika lugha zote: rudia. Juu yao maua yanaendelea kuchanua bila kutazamwa na mtu. Katika fremu hiyo moja kuna upendo wa maua, upendo wa watu, na hofu ya kutoonekana vizuri, na hakuna aliyepangwa.

Usipige mfululizo wa fremu ishirini kwa sekunde ukidhani utachagua baadaye. Nimejaribu, na nilichokipata ni usiku mrefu mbele ya kompyuta na mkono uliosahau kuamua. Piga mbili au tatu kwa kila tukio. Ukikosa, foleni haijaisha.

Kuna pia wasiopiga wala kupigwa: mtoto aliyelala begani, mzee aliyeketi kwenye benchi akiangalia juu bila simu, mlinzi wa bustani, mfanyakazi anayefagia petali. Mmoja wao akiingia kwenye fremu ya wapigaji, picha hupata mizani. Watafute kwa makusudi.

Umati unaosogea, watu wanaotulia

Nilitaja mbinu moja ya stendi. Wanaopozi husimama tuli kwa sekunde moja au zaidi. Wapita njia hawasimami. Shusha kasi ya shata hadi 1/8, na wapita njia watageuka kuwa mito ya rangi huku wanaopozi wakibaki kama wamechongwa. Huhitaji kichujio cha giza, kile cha kupunguza mwanga, ukiwa kivulini au siku ya mawingu mazito: ISO 100 na tundu la f/16 vitakufikisha karibu na 1/10. Egemeza kamera kwenye ukingo wa daraja au uegemeze kiwiko kwenye mti ulio kando ya njia, zuia pumzi, piga fremu sita. Moja kati ya sita ikitoka sawa, shukuru.

Mvua, upepo, usiku

Mvua isikurudishe nyumbani. Miavuli ya plastiki inayoonyesha ndani hubandikwa na petali, lami hugeuka kioo, na wanaokuja siku hiyo ni wale waliodhamiria kweli. Kinga kamera kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa kwa ajili ya lenzi. Kwa upepo, panda hadi 1/1000 ukitaka petali zisimame angani, au shuka hadi 1/60 ziwe michirizi. Kati ya hizo mbili huwa hazieleweki.

Usiku sehemu kama Ueno huwasha taa kati ya miti, lakini mwanga unaonivutia mimi ni wa vioo vya simu. Uso unaomulikwa kutoka chini na kioo, huku maua yakiwa giza la waridi nyuma, hauhitaji flashi. Fungua tundu hadi f/2, shata 1/60, ISO 3200, na kwa saa hii kanuni yangu ya f/8 imelala.

Adabu chini ya miti

Watu hawa wamekuja kufurahi. Kipimo changu kabla ya kubonyeza ni swali moja: je, ningeweza kumwonyesha picha hii mhusika nikiwa nimemtazama machoni? Mdomo uliojaa chakula, sketi iliyopeperushwa na upepo, mtu anayelia kwa ugomvi wake: jibu ni hapana, na kidole kinabaki hewani.

Usijifiche. Shika kamera wazi, tembea taratibu, mtu akikuona tabasamu na umwonyeshe maua kwa mkono, ataelewa. Akitikisa kichwa, acha. Akiomba ufute, futa mbele yake, hata kama sheria iko upande wako. Watoto wakiwa ndio kiini cha picha, zungumza na mzazi kwanza. Na kuna jambo moja linalofungua milango kuliko yote: jitolee kuwapiga picha kwa simu yao. Wapige kwa bidii ileile unayoipa kazi yako, mlalo na wima, miguu isikatwe. Ukiwarudishia simu watainama kuikagua, na mara nyingi watakuruhusu ukae na kamera yako hapo hapo.

Sheria hutofautiana. Marekani ni halali kwa jumla kumpiga mtu aliye mahali pa wazi, ingawa kutumia sura yake kwenye tangazo kunahitaji idhini. Ujerumani ina sheria ya mwaka 1907 inayodai idhini ya mtu kabla ya kuchapisha picha yake, ikiacha nafasi kwa picha za mikusanyiko na kwa watu walio sehemu tu ya mandhari. Japani mahakama hutambua haki ya mtu juu ya sura yake, na magazeti na watu binafsi huwa waangalifu sana na nyuso zinazotambulika. Soma ya nchi unakokwenda kabla ya kuchapisha chochote.

Miti nayo ina haki zake. Mizizi ya mcheri iko karibu na uso wa ardhi, na udongo ukikanyagwa na maelfu ya miguu hugandamana, maji na hewa vikashindwa kupita. Baki kwenye njia. Usilivute tawi ili liingie kwenye fremu, na usitikise mti ili petali zianguke. Ukimwona mtu anafanya hivyo, usimzawadie kwa kumpiga picha.

Kuchagua

Acha picha zilale siku tatu kabla ya kuzigusa, furaha ya siku ile ipungue. Kisha chuja kwa swali hili: nikiyafunika maua kwa kiganja, je, bado kuna kitu kinaendelea? Kama hakuna, hiyo ni picha ya maua, iweke kando bila majuto. Baki na kumi na mbili hadi kumi na tano. Zichanganye mbali na karibu, ubavuni na juu, zisifuatane mbili za namna moja.

Rangi usizipandishe. Maua ya Yoshino karibu ni meupe, na waridi kali inayoonekana kwenye picha nyingi imetiwa kwenye kompyuta. Ukiizidisha, ngozi za watu nazo huenda na rangi hiyo. Fungua vivuli kwenye nyuso kwa kiasi, shusha kidogo mwanga mkali wa juu, ishia hapo.

Mwisho andika maelezo ndani ya kila faili: tarehe, saa, jina la mahali, na hatua ya maua. Micheri ya kwanza kati ya 3,020 iliyotoka Tokyo ilipandwa Washington tarehe 27 Machi 1912. Mwaka 2024, mcheri mmoja uliobaki gogo lenye shimo na vitawi vichache, uliopewa jina la Stumpy, ulikatwa pamoja na mingine zaidi ya mia moja ili ukuta wa kuzuia maji ujengwe upya. Majira yale ya mwisho watu walipanga foleni kupigwa picha nao. Aliyegeuza kamera kuelekea foleni ile na kuandika tarehe, leo ana picha ambazo haziwezi kurudiwa. Maelezo yangu mimi huwa na mstari mmoja tu, kwa mpangilio huu: mahali, tarehe, saa, asilimia ya maua kwa makisio, hali ya hewa, na kile walichokuwa wakifanya. «Wawili wanakagua, mkono umekinga jua.»